Mwalimu Kwamba na Jembe la Baba

Wanafunzi wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hawamwachii mtu jina alilopewa na wazazi wake. Mwalimu Anatole, aliyetufundisha Kiingereza mwaka ule wa mwisho wa vita, tulimwita Mwalimu Kwamba, na jina lilimkaa. Hakuna siku aliyoingia darasani bila kuandika “that” ubaoni, yaani kwamba, kisha akageuka kututazama kana kwamba ametuletea kitoweo.

Alikuwa mwembamba, na koti lake la kahawia hakulivua hata siku za jua kali. Vita vilipoanza mwaka 1996 alivuka ziwa na kukaa kambini Tanzania miaka sita na ushee, akajifunza Kiingereza kwa karani mmoja wa ghala la unga. Wenzake walirudi na masufuria na mablanketi, yeye akarudi na kamusi isiyo na jalada. Watu walimcheka ufukweni, lakini shule ilimpokea kwa mikono miwili.

“Kila kitenzi chenye kutangulia kwamba ni mulango,” alituambia. “Ku soko muntu anapitia ‘say’, anasema tu. Ku bureau ya bakubwa anapitia ‘state’, anatamka. Kama anajua, ni ‘know’. Kama balimuambia, ni ‘was told’. Mukikosa mulango, munaingia mu nyumba ya bengine.”

Alikuwa mwalimu mzuri, sitamnyima haki yake. Ila alikuwa na tabia moja. Katika imla alisoma sentensi mpaka kwenye kwamba, akanyamaza. Chaki mkononi, kichwa kimeinamia dirisha, akisikiliza. Wavulana wa nyuma walimwigiza, darasa likaangua kicheko, naye wala hakukasirika. Baada ya muda alifuta sentensi kwa kiganja na kuanza nyingine.

Mimi sikucheka sana, maana nyumbani kwetu pia kulikuwa na mtu wa kusikiliza. Saa kumi za jioni, muda ambao baba yangu Roger alikuwa akirudi kutoka shambani, mama aliacha alichokuwa akifanya. Alisema anasikia jembe likiegemezwa ukutani. Nilitoka kuangalia kila mara, na kila mara ukuta ulikuwa mtupu. Niliogopa, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

Baba aliuawa kiangazi cha 1999, shambani kwetu juu kidogo ya kijiji cha Kilembwe, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu wa bunduki walimkuta akilima, wakammaliza, wakamfukia papo hapo chini ya mteremko. Mama yangu, Adolphine, alitukimbiza mpaka Baraka. Hatukumzika baba. Hatukukalia kilio. Na kwa ukoo wa mama, mke hatamki kwa kinywa chake kwamba alimwona mumewe akifa, mpaka marehemu azikwe na watu wake. Akitamka kabla, amemzika kwa mdomo, na marehemu hatapata pa kulala. Kwa hiyo mama alisema tu, “Banasema baba Ketsia haiko.” Ketsia ni mimi.

Kiangazi cha 2003 walikuja Baraka wageni waliokuwa wakiandika habari za waliouawa. Walizungumza Kiingereza, na mkalimani wao alikuwa Mwalimu Anatole. Habari ilienea mjini upesi: penye mtu aliyeona kwa macho yake, wangekwenda kuchimba, ili wenyewe wapewe mifupa. Penye mtu aliyesikia tu wasingekwenda, kwa kuwa siku zao zilikuwa chache. Mama aliazima kitenge kizuri kwa jirani yetu Dorothée, akanishika mkono, tukaenda.

Nilikaa naye benchi moja. Mgeni, mama mmoja mrefu mwenye daftari, aliuliza swali, na mwalimu akaligeuza kwa Kiswahili chetu.

“Mama Ketsia, uliona na macho yako, ao balikuambia?”

Mama aliangalia miguu yake. “Banasema baba Ketsia haiko,” akajibu. “Banasema alivaa shati ya kijani yenye kifungo moja nyekundu, kile nilishona mi mwenyewe. Banasema balimufukia chini ya ule mutelemuko, karibu na jiwe mbili. Banasema hakuangalia ku muhogo hata mara moja, sababu muke yake alikuwa anajificha mule.”

Akina mama wote waliongoja zamu yao waliinamisha vichwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwalimu Anatole mwenyewe ni mtoto wa huku, mama yake alikuwa mjane, na kalamu yake ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea. Mama aliomba nakala ya karatasi ile, akapewa, akaiweka ndani ya Biblia.

Tulingoja. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilimwinua mama kwenye kigoda. Wageni waliondoka, shule zikafunguliwa, mvua zikaja. Mama alisema hao ni watu wa mbali, labda barabara ni mbaya, karatasi wanayo. Aliiamini karatasi ile kama anavyoamini Zaburi, na zote mbili zilikaa pamoja.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, nilipokuwa na Kiingereza cha kutosha, niliichukua nikaisoma. Niliisoma mara tatu, nikidhani nimekosea. Shati la kijani lilikuwamo. Kifungo kilikuwamo. Mihogo ilikuwamo. Na mbele ya kila kimoja mwalimu alikuwa ameandika “was told that”, aliambiwa kwamba, aliambiwa kwamba, aliambiwa kwamba, mpaka chini. Miezi kumi mama alikuwa akingoja watu ambao hawakuwa na sababu ya kuja.

Nilingoja wenzangu wote watoke darasani, nikaiweka karatasi mezani pa mwalimu. Hakuigusa. Aliijua.

“Mwalimu, ulijua mama aliona?”

“Nilijua.”

“Sasa juu ya nini uliandika hivi?”

Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Aliniambia kwamba asubuhi ya siku ile mgeni alimkaripia mbele ya watu kwa kuongeza maneno yake katika habari ya mzee mmoja. Geuza kwa Kiingereza yaliyosemwa, aliambiwa, wala usiongeze. Basi mama alipofika, akageuza yaliyosemwa. Jioni mgeni alimsifu kwamba ana kalamu safi.

“Nilifurahi, Ketsia,” akasema. “Ile siku nilirudia nyumbani na furaha. Ni ile furaha inaniua.”

Nilimchukia. Niseme ukweli, nilimchukia kuliko hata wale wa bunduki, kwa kuwa wao sikuwajua sura, na yeye alinifundisha kuandika jina langu kwa herufi nzuri. Mstari mmoja tu ulitakiwa, wa kueleza desturi yetu, na hakuwako mwingine Baraka nzima wa kuuandika. Nilimwambia aje nyumbani amwambie mama mwenyewe.

Alikuja siku ileile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama ukuta wa nje. Hakulia wala hakumtukana. Alisema, “Basi twende siye benyewe. Utachimba.”

Tulipanda lori la wachuuzi mpaka Fizi, tukaendelea kwa miguu siku tatu. Mwalimu alibeba jembe begani, amevaa koti lake, na njiani hakuna aliyemsemesha. Tulipofika mama alisimama. Mawe mawili hayakuwapo. Mvua za Aprili zilikuwa zimeukata mteremko wote ukashuka bondeni, ukabaki udongo mwekundu mtupu na mto chini yake. Mtu mmoja aliyekuwa akipalilia karibu alituambia kilima kimeanguka majuma sita yaliyopita. Julai mwaka wa jana, wageni walipokuwa Baraka, kilikuwa kimesimama mahali pake.

Mwalimu alivua koti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akachimba. Mama aliupa mteremko mgongo, kama mjane anavyotakiwa kabla ya maziko. Mwalimu alichimba juu, akachimba chini, akachimba mpaka karibu na maji, viganja vikatoka damu, na udongo haukumpa kitu, hata kifungo. Alianza kunong’ona peke yake. Nilisogea nisikie. Alikuwa akisema kwamba, kwamba, kwamba, kila jembe likishuka.

“Acha, mwalimu,” mama akasema.

Hakuacha. Ndipo mama akageuka, akaukabili mteremko, akavunja desturi ya mama yake na ya bibi yake.

“Niliona,” akasema kwa sauti. “Nilikuwa mu muhogo na nilimuona. Alijua niko pale, na hakuniangalia. Mpaka mwisho hakuniangalia. Andika.”

Mwalimu alipiga magoti kwenye udongo, akaandika nyuma ya karatasi ileile, ambayo mama alikuja nayo. Damu ya viganja ikaichafua pembeni. Mama alitazama bondeni mpaka mwalimu alipomaliza, kisha akaichukua karatasi, akaikunja, akaiacha ichukuliwe na maji.

Tangu siku ile mama hakusikia tena kitu ukutani. Saa kumi hupika, hucheka na Dorothée, na usingizi wake ni mzito. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Juma la pili baada ya kurudi, nilipita mbele ya nyumba ya mwalimu nikitoka kisimani. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa nje na koti lake, akizunguka nyumba, akipapasa ukuta kwa kiganja chenye kidonda.

“Ketsia,” akaniita, “ni weye uliacha jembe hapa?”

Ukuta ulikuwa mtupu. Jembe lake lilikuwa kwetu, nyuma ya mlango, tangu siku tuliyorudi. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshainamisha kichwa, anasikiliza. Nilijua ni saa kumi bila kuuliza, nikashika ndoo yangu vizuri nikaenda zangu.