Uvimbe wa Mjomba Wapimwa Mara Mbili

Miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa dalali wa ngamia pale Garissa. Alimzunguka mnyama mara moja, akambonyeza nundu, kisha akataja uzito wake kwa uhakika wa malaika anayeandika matendo yetu. Uvimbe ulipomtokea pajani, aliupima mwenyewe kwa kiganja, akatangaza kuwa si kitu. Ulipomzuia kuchuchumaa chooni ndipo alipokubali kwenda Nairobi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa na cheti cha serikali, nilienda naye kama mkalimani.

Hospitalini walisema ni saratani ya nyama ya paja. Angechomwa kwa mionzi kwanza, kisha apasuliwe. Lakini kabla ya kuchoma lazima wajue uvimbe unaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo wakamwingiza kwenye bomba la MRI, ile mashine ya sumaku inayogongagonga. Alitoka amefura kwa hasira.

"Wallahi, abti," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "wamenizika mzima, kisha wakapiga kaburi nyundo!"

Foleni ya mionzi ilikuwa ndefu, hivyo baada ya majuma matatu wakampiga picha nyingine. Daktari kijana akatuita, akashusha sauti. Picha ya kwanza ilionyesha sentimita nane. Hii ilionyesha kumi na moja.

"Umekua haraka sana," alisema.

Nilitafsiri. Mjomba hakutishika. Alimkazia macho daktari kama anayeuziwa ngamia kilema.

"Bicha ya kwansa, nani nabima?" aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwenzangu."

"Na hii?"

"Mimi."

"Basi ugonjwa hakukua. Nyinyi ndio nakosana!"

Akahamia Kisomali, nami nikatafsiri, nikiruka sehemu zilizomhusu mama mzazi wa daktari. Sokoni kwetu, alisema, dalali mgeni huletewa ngamia yule yule mara mbili, amebadilishwa kamba tu. Akitaja uzito tofauti, anarudishwa kwao.

Daktari mkuu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alizitoa zile picha mbili, akaficha majibu ya zamani, akawaita madaktari wote wawili, akaamuru kila mmoja apime zote upya, bila kumwona mwenzake. Tulingoja kwenye benchi. Mjomba alisinzia. Mimi nilikwenda msalani nikalia.

Majibu yalipokuja, kila daktari alikuwa amerudia kipimo chake karibu vile vile, kwa picha zote mbili. Mmoja alipima donge peke yake. Mwenzake alijumlisha na wingu jeupe la maji lililolizunguka. Donge lenyewe lilikuwa halijakua kitu.

"Mashine haikukosea," yule mama alisema. "Sisi hatukukubaliana mpaka wa uvimbe uko wapi."

"Kwa hiyo maji ndani yake iko ugonjwa?" mjomba akauliza.

"Huenda. Chembe chache zinaweza kujificha humo."

"Basi choma yote!"

Wakachoma yote. Walimchorea pajani mistari ya wino ya kulengea mionzi, wakamkataza kuisugua. Juma la pili mistari ilififia kwa jasho, naye kwa bidii yake akaenda Eastleigh kwa mama mmoja anayepamba maharusi, akarudishiwa mistari kwa hina, na ua dogo kwenye kila pembe. Fundi wa mionzi alipoipima, akakuta imesogea upana wa kidole. Sijawahi kumwona mtu mzima akigombezwa hivyo. Akapanda kitandani, akachorwa upya.

Baada ya upasuaji alirudi Garissa akichechemea, mguu wake akiwa nao. Walimwambia awe anakwenda kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Alikwenda bila kubembelezwa, na kila safari alidai apimwe na daktari yule yule mmoja.

Malaria ndiyo iliyomchukua, miaka sita baadaye. Paja lilikuwa safi.