Nilivyomlilia Baba Mwende

Tangu Jumamosi napita njia ya nyuma hapa Kangemi, na mwenye makosa ni mimi mwenyewe.

Jirani yetu Mkamba, Baba Mwende, alikuwa amelazwa hospitali muda mrefu. Jumamosi hiyo jioni nikaona viti vya kuazima vinaingizwa uani kwake, na magogo makubwa yanawashwa moto. Kwetu Bungoma, moto kama huo uani ni wa matanga. Sikuuliza mtu. Nikajifunga leso kiunoni, nikashika kichwa, nikaingia mbio nikipiga mayowe kama tunavyofanya nyumbani.

"Woi, Baba Mwende! Umetuachia nani? Nani atatuzibia paa sasa?"

Nikajitupa chini, nikagaagaa mpaka kitambaa cha kichwa kikatoka. Watu wakanyamaza kabisa. Mimi nikadhani ni heshima, nikaongeza sauti.

Mlango ukafunguka. Baba Mwende akatoka polepole, amekonda, ameshika kikombe cha chai. Kumbe moto ulikuwa wa mbuzi wa kumkaribisha nyumbani.

"Mama Nafula," akasema kwa upole, "kwani daktari alikuambia nini ambacho mimi hakuniambia?"

Nyuma yake, binti yake Mwende, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na daktari, alikuwa ameanza kulia.