Skrubu ya Nne kwenye Jeneza la Baba Tumaini

Nacheka sasa kwa sababu nyie ni wenzangu, lakini siku ile nilikimbia msibani mchana kweupe, mbele ya mchungaji, na mimi ndiye niliyeitwa kama fundi.

Jirani yangu Baba Tumaini alikuwa ameshaagwa, jeneza limefungwa kwa skrubu nne za kichwa cha nyota, tunajiandaa kwenda kaburini, ndipo akaingia dada yake mkubwa kutoka Ndalambo, wote tunamwita Shangazi, kajaa matope (barabara ilimkwamisha tangu alfajiri), akasema, "Sijamwona mdogo wangu miaka sita. Nifungulieni nimwone uso." Watu wakanigeukia mimi, fundi pikipiki. Bisibisi yangu ya nyota ilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika kumi, nikaona uvivu, nikaazima ya bapa nikijigamba kwamba fundi hachagui chombo.

Tatu zilitoka kwa kubahatisha. Ya nne ikaliwa kichwa, bisibisi inazunguka, skrubu imetulia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni, wamama wameacha kuimba, na jasho linanitoka na baridi yote ile. Nikaokota nyundo nigonge kitako cha bisibisi. Nikagonga, ko, na ndani kukajibu, ko. Nikasema ni masikio yangu, nikagonga tena, ndani kukajibu tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nikainua nyundo mara ya tatu, ndani kukagonga, nikaitupa. Ua sikumbuki nililirukaje, nakumbuka mibuni inanichapa uso na mchungaji ananipita (msimwambie nimesema).

Tuliporudi na aibu zetu, Shangazi alikuwa peke yake na jeneza. Alikata kipande cha mpira wa tyubu aliofungia mzigo wake, akakiweka kwenye kichwa cha skrubu ili bisibisi isiteleze, anakandamiza bisibisi kwa uzito wake wote.

"Ikaze kwanza kidogo, mwanangu, ndipo uilegeze," akaniambia bila kugeuka. "Ukigonga utapasua mbao."

Ikatoka, mbao haina hata mkwaruzo. Akamtazama mdogo wake, akamshika shavu, akalia kwa sauti ndogo mpaka na mimi nikalia. Ubavuni mwa marehemu walikuwa wamelaza fimbo yake. "Hii ndiyo iliyokuwa inagonga," akasema, watu wakapumua, wakaanza kunicheka.

Tangu hapo bisibisi ya nyota naenda nayo hata kanisani, na skrubu siigongi tena maisha yangu yote. Habari ya fimbo nimeikubali, jeneza likitikisika na yenyewe inagonga. Ila ile mara ya tatu, nyundo yangu ilikuwa bado hewani.