Kaa Mpaka Kiburu Kiive

Swali la kwanza la maana niliulizwa kwenye benchi la kliniki ya akili, na aliyeniuliza alikuwa mgonjwa kama mimi. Wauguzi, mashemeji, katekista, wote walikuwa na swali lao moja: "Bado unasikia?" Nilikwisha kujifunza kwamba jibu ni hapana. Ukisema hapana unarudi nyumbani, ukisema ndiyo unaongezewa sindano. Siku hiyo nilikuwa nimekaa pembeni ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyevaa sweta zito na jua linawaka. Akaniona midomo inavyocheza, akaniinamia na kusema, "Wako anasema nini?"

Nilidhani ananichokoza. Nikamjibu kwa ukali, "Anasema mwanangu hatanijua."

"Wangu anakosoa mwandiko wangu ubaoni," akasema. "Nimestaafu, yeye bado anakosoa."

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

Mwanangu alikuwa Uru, huko mlimani, kwa mama mkwe wangu. Alikuwa na miaka minne siku nilipotolewa kule nimefungwa kamba ya ng'ombe. Kosa langu lilikuwa kubwa, na silifichi. Mume wangu alikuwa Mererani, anachimba mawe ya bluu ambayo hakuwahi kuyaona. Kahawa ilikuwa imeshuka bei hadi watu wanaiachia idondoke yenyewe. Mimi nilikuwa pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama mkwe, na kichwani nilikuwa na mpangaji. Ndivyo nilivyomwita yule mwanamume aliyekuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema, maana alihamia bila kubisha hodi na hakuwa na mpango wa kuhama. Aliniambia masale yaliyozunguka kaburi la baba mkwe yanamziba marehemu pumzi. Asubuhi moja, kabla ya chai, nikachukua jembe na kuyang'oa yote.

Asiye wa kwetu ajue hivi: sale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unafunga fundo kwenye jani lake na kumpelekea, na yeye hawezi kukukatalia msamaha. Kwa hiyo mimi nilimvunjia heshima marehemu, na papo hapo nikang'oa kile ambacho ningekitumia kuomba radhi. Mama mkwe alisema, "Ukipona, uje umchukue mtoto." Ukipona! Miaka miwili ikapita nikitafuta kupona kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani ya ng'ombe.

Kila Alhamisi mchana tulikutana mtaa wa Soweto, mjini, kwenye chumba cha fundi cherehani ambaye naye alikuwa na wapangaji wake watatu kichwani, wawili wanagombana na mmoja anaimba. Mwalimu ndiye aliyetukusanya, tukawa watu watano. Masharti yalikuwa machache. Hakuna kumwambia mwenzako "hakuna mtu hapo". Hakuna kumwekea mikono ya maombi asiyeomba. Hakuna kumwachisha mtu dawa zake. Unasema wako amesema nini wiki hii, na wewe umemjibuje. Basi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na pale tulikuwa maiti watupu, tunakunywa chai na kutaniana.

Fundi ndiye aliyenifundisha kumpangia saa. "Usimfukuze, atapiga kelele zaidi. Mwambie una kazi, aje saa kumi na moja." Nikajaribu. Wakati huo nilikuwa nauza mitumba Kiboriloni, na hakuna mahali pazuri kwa mtu wa aina yangu kama soko la mitumba, maana kila mtu anapiga kelele peke yake. Nikimjibu mpangaji kwa sauti, wateja wanadhani nanadi. Mara moja tu niliharibu. Nilisema, "Potelea mbali, sikutaki!" na dada mmoja akaiweka blauzi chini na kuondoka amevimba. Wiki nyingine mpangaji alisubiri saa yake, wiki nyingine hakusubiri. Nilimkasirikia, lakini sikumwogopa tena kama zamani.

Lililonishinda ni kukaa. Dawa zilinipa miguu isiyotulia, na moyo wangu wenyewe haukuwa na kiti. Pale kwa fundi nilikuwa natembea kutoka mlangoni hadi kwenye mashine, mashine hadi mlangoni, wenzangu wanaongea na mimi napita katikati yao. Fundi akasema nitamlipia saruji ya sakafu. Nilikuwa nawaza mtoto. Sasa ana miaka sita. Sasa ameanza shule. Sasa anamwita nani mama.

Mwalimu akachoka kunitazama. "Peleka sale," akasema. "Mimi nitakusemea."

Tukapanda Uru Jumamosi, mimi, mwalimu na fundi. Sale nililiomba kwa mwenzangu wa sokoni, nikalifunga fundo vizuri na kulizungushia gazeti. Njia nzima mpangaji alikuwa ananisimanga kwamba mtoto atakimbia akiniona. Nikabishana naye, tukateremka kituoni, tukapanda kwa miguu hadi kwenye mfongo unaopitisha maji ya mashamba, ndipo nikatazama mikono yangu. Sale nilikuwa nimelisahau kwenye gari.

Nikataka kulia. Fundi akasema, "Unalilia nini? Si haya hapa, tele?" Fundi ni Mchagga wa Soweto, kihamba anakijua Krismasi kwa Krismasi, na hata hapo anakijua kwa upande wa nyama. Kabla mwalimu hajafumbua kinywa, alikwisha kulishika sale moja kwenye ua wa masale na kulivuta. Mvua ilikuwa imenyesha. Halikukatika jani, uling'oka mmea mzima na udongo wake.

Ule ua ulikuwa mpaka. Upande mmoja wa mama mkwe wangu, upande wa pili wa jirani ambaye amegombana naye juu ya mpaka huo tangu mimi sijaolewa. Jirani akatokea na panga mkononi, na aliponitambua akapaza sauti migomba yote isikie: "Umerudi kung'oa! Na safari hii umeleta na wenzako!"

Hivyo ndivyo nilivyoingia uani kwa mama mkwe kuomba radhi ya kung'oa masale: natangulizwa na mtu mwenye panga, na nyuma yangu fundi kashika sale lenye mizizi. Aibu ilinichoma hadi masikioni.

Mama mkwe alikuwa amekaa jikoni nje, anamenya ndizi za kuchanganya na maharage kuwa kiburu, na maharage yako motoni. Mtoto alikuwa nyuma yake. Alikuwa amerefuka, na hakukimbia kuja wala kukimbia kwenda. Alijishika kwenye kanga ya bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mwalimu akasema maneno yaliyompasa, kwa upole na kwa utaratibu. Fundi akakata jani, nikalifunga fundo na kulitoa kwa mikono miwili. Mama mkwe akalitazama sana. Kisha akalipokea.

"Sale halikataliwi, hata la wizi," akasema. "Ya kaburi nimesamehe. Ya mtoto ni mengine." Akaweka kisu chini. "Bado unasikia?"

Lilikuwa lile lile swali. Mwalimu akaangalia ardhini. Hata mpangaji alinyamaza, nadhani naye alitaka kusikia. Neno moja tu, hapana, na huenda ningeteremka na mwanangu. Nilikwisha kulisema mara nyingi kwa watu wengi. Lakini nilikuwa nimechoka nalo, na sikutaka mtoto anichukue kwa uongo.

"Nasikia, mama. Hata leo, njiani."

"Si nilisema!" jirani akadakia.

Aliyefuata kusema ni mtoto, kutoka nyuma ya kanga. "Anasema nini?"

Miaka miwili, na ni mwalimu peke yake aliyewahi kuniuliza hivyo. "Anasema hunijui."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Nakujua. Wewe ndiye mama asiyekaa chini."

Ni kweli, sikuwa nimesimama mahali pamoja tangu niingie. Nilikuwa nazunguka kati ya jiko na mlango, hata sijijui. Mama mkwe akasukuma kigoda kwa mguu hadi mbele yangu.

"Mtoto anataka mtu wa kukaa naye," akasema. "Sikuulizi tena unasikia nini. Kaa. Kaa mpaka kiburu kiive. Ukikaa, shule zikifunga atateremka kwako. Ukiinuka, nenda na wenzako."

Maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuchemka. Nilimchukia mama yule, nasema kweli. Nikakaa.

Mpangaji akakohoa. Inuka, akasema. Nikamwambia kwa sauti, mbele yao wote, "Nina kazi, njoo saa kumi na moja." Hakungoja. Miguu ikawaka moto kutoka ndani, magoti yakaanza kuruka. Mwalimu na fundi wakakaa kwenye gogo, maana haikuwa kazi ya kusaidiwa. Jirani naye akakaa, aone mwisho. Ndizi zikaingia chunguni. Mtoto akaja polepole, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya goti langu kama anavyozuiliwa kuku asiruke. Goti halikutulia, lakini na mkono wake haukuondoka.

Mama mkwe alifunua chungu, akaonja. "Bado kidogo." Akafunika. Baadaye akafunua tena. "Bado."

Mimi nimepika kiburu tangu nikiwa msichana, na harufu yake naijua. Kilikuwa kimeiva zamani. Alipunguza kuni, akavuta kigoda chake karibu na changu, akafunua tena mbele yangu bila kuonja.

"Bado," akasema, na mimi sikuinuka.