Mti Niliomwahidi Mama

Leo nimemnyang'anya mama yangu mti.

Msinihukumu bado.

Mimi nasomea mimea ya kale. Nina jiwe lenye alama ya jani la mti uliotoweka, na niliamini hakuna aliyewahi kuutambua. Nikamwahidi mama kwamba utaitwa jina lake.

Asubuhi nimelinganisha mishipa ya lile jani na picha za vitabuni. Ni mti uleule wa kwenye picha. Ulishapewa jina siku nyingi.

Nikapanda gari stendi ya Msamvu hadi kwa mama, Mkuyuni, jiwe nimelipakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mnyonge?"

Nikamweleza. Kumbe alishawatangazia sokoni kwamba ana mti wake, jamani.

Akaweka kiganja juu ya jani, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Ulikuwa na kivuli?"

"Nadhani. Ila watu walikuwa hawajakuwepo duniani."

"Afadhali una jina," akasema. "Nilikuwa nauonea huruma."

Sasa tumekaa mlangoni, ukungu unashuka kutoka milimani. Amelipakata jiwe, hana habari na mtu.

Nyie, namwambiaje kwamba jiwe si langu, ni mali ya maabara?