Bonde Lililopakwa Kijani

Nilimwendesha Dada Kijani kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sikuwahi kumsikia akipandisha sauti isipokuwa kwa simu zake. Alikuwa mpimaji wa mawimbi katika mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Tulifunga simu nne juu ya paa la gari, mimi nikashika usukani, yeye akakaa nyuma na kompyuta mapajani, tukazunguka nchi nzima huku simu zikijipigia zenyewe. Palipo na mtandao, ramani ilijipaka kijani. Pasipo na mtandao, nyekundu. Simu ikigoma, aliigombeza kama mtoto aliyekataa kunawa. Jina la Dada Kijani nilimpa mimi. Yeye aliniita Kaka Springi, kwa kuwa sikuisha kulalamikia springi za gari.

Ramani ile haikuwa pambo. Kampuni zikipewa leseni huahidi kufikisha mtandao hadi vijijini, maana zikiachwa zifanye zitakavyo, zote zitajazana mjini kwenye wateja wenye hela na wengine waendelee kuitana kwa miluzi. Palipopakwa kijani, ahadi imetimizwa. Hakuna atakayejenga mnara hapo tena.

Sasa nifike bondeni, kwenye aibu yangu. Ilikuwa Ijumaa mchana. Lami inapita juu ukingoni, na watu elfu nne wanaishi chini. Njia ya kushukia ni ya vumbi na mawe.

"Kaka, tushuke," Dada akasema.

"Tushuke na nini? Hizi springi utanunua wewe?"

"Mbona lori la mbao linapanda?"

"Lile lina dereva kichaa."

Lori lilitupita palepale, tena dereva wake akatupungia mkono. Lakini nilikuwa nimechoka, nilitaka kwangu. Mwongozo wetu wa kupimia tuliuazima kutoka nchi moja ya mbali ambako kila nyumba ina lango linalotazama lami, na uliruhusu kuishia barabarani kama njia ya pembeni haipitiki. Nikafungua daftari la safari, ambalo huandikwa na dereva peke yake, nikaandika: njia haipitiki. Pale juu mtandao ulikuwa safi. Kompyuta ikapaka kijani ukingo, na bonde zima likapakwa humohumo, maana kipimo cha barabarani kilihesabiwa kwa eneo lote. Dada aliguna, akatia sahihi ripoti, tukaondoka.

Miaka miwili baadaye, siku moja kabla ya kikao cha kuihuisha kwa miaka kumi na mitano leseni ya kampuni iliyotakiwa kuhudumia bonde lile, barua ikafika mezani kwa Dada. Iliandikwa kwa mkono na mkunga wa zahanati ya kule bondeni. Alisema ili kupiga simu lazima mtu apande mwendo wa saa nzima hadi kwenye jiwe moja ambalo wenyeji wamelibatiza Posta. Mwezi uliopita mama mmoja alianza kutoka damu. Wakamtuma mumewe Posta kuita gari la wagonjwa. Mama alipona. Mtoto hakupona. Chini kabisa mkunga aliandika namba yake ya simu, kisha: "Tumeambiwa kwenye ramani yenu sisi tuna mtandao. Naomba mje mnionyeshe uko wapi."

Dada alinisomea barua hiyo ndani ya gari, kwenye maegesho ya ofisi. Hakunitazama. Nami niliangalia kioo cha mbele kama vile kuna kitu cha kuangalia.

"Utafanya nini?" nikauliza.

"Nitasema."

"Watakufukuza."

"Kaka, ile sahihi ni yangu."

Mkurugenzi wetu alipopata habari za barua, alimwita jioni ileile. Si mtu mbaya, lazima niseme. Alimweleza kwamba nchi jirani walishamaliza leseni zao na wawekezaji wameanza kwenda kwao. Kwamba leseni ikichelewa, mtandao wa kasi utachelewa mijini, na vijana wanaosubiri ajira watasubiri zaidi. Akamaliza hivi: "Ukisema kipande kimoja cha ramani ni kibovu, umesema yote ni mbovu, na sisi pamoja nayo. Fikiria vizuri, mdogo wangu."

Dada akafikiria usiku kucha. Aliishi na mama yake, ambaye ujana wake wote alikuwa mhudumu wa simu za zamani, zile za kuchomeka waya kwenye ubao na kumuunganisha mteja. Asubuhi nilipokwenda kumchukua nilimkuta mama huyo mlangoni akimfunga Dada kifungo cha shati, mtu mzima na miaka yake arobaini.

"Mimi laini ikikatika nilimwambia mteja hakuna laini," mama alisema. "Nilitukanwa, lakini sikumwambia mtu ipo wakati haipo. Haya, nenda, usichelewe."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, mbona umenywea hivyo?"

"Usingizi tu, mama."

Usingizi gani! Daftari la safari lilikuwa ndani ya koti langu. Nilikuwa nimelichukua stoo bila kujua kama ninalipeleka kwenye kikao au ninakwenda kulichoma. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu.

Ukumbi wa kikao ulikuwa na meza ndefu, chupa za maji na vipaza sauti vinavyowaka taa nyekundu ukibonyeza. Ramani ilijaa ukuta mzima, kijani tupu. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimsikiliza wakili wa kampuni kwa dakika arobaini. Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa sauti ya mtu anayetarajia kimya.

Dada Kijani akasimama. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango.

Alisoma barua ya mkunga yote. Alipomaliza, wakili alivuta ripoti ya zamani, mpole kama daktari wa meno.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

"Leo sidanganyi. Wakati ule sikushuka. Namba ya mkunga hii hapa. Mpigieni."

Mwenyekiti akavaa miwani, akachukua simu yake mwenyewe. Alibonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, akaweka sauti ya nje na kuisogeza kwenye kipaza sauti. Ukumbi mzima tulikaza masikio. Kisha ile sauti ya kike tunayoijua sote, isiyo na haraka wala huruma: namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Akajaribu tena. Sauti ileile.

"Huenda betri imekwisha," wakili alisema, na watu wakacheka. Nilitamani kumrushia chupa ya maji.

Mwenyekiti hakucheka. "Nani aliamua gari lisishuke?"

Hapo ndipo Dada angeweza kujiokoa. Angesema tu, tazameni daftari la dereva. Nililisikia likinibana kifuani. Akainamia kipaza sauti, akasema, "Mimi."

Nami nikanyamaza. Niandike hilo wazi, maana baadaye watu walinisifu na sikustahili. Nilikaa pale nikamwacha mwanamke yule abebe uongo wangu mbele ya watu mia, nikahesabu miezi yangu minane, na kalamu ya mwenyekiti ikaanza kuandika.

Wakili ndiye aliyeharibu starehe yangu. "Basi mheshimiwa," akasema, "tunayemwona hapa ni afisa mmoja mzembe. Asituchafulie kazi ya nchi nzima."

Mzembe! Mwanamke aliyefuta vumbi kwenye simu zile kwa upindo wa khanga yake! Kabla sijajua, nilikuwa wima.

"Anadanganya huyo!" nikapaza sauti. "Mheshimiwa, Dada huyu anadanganya. Alisema tushuke. Mimi ndiye niliyekataa. Njia inapitika, lori la mbao lilitupita. Niliandika haipitiki kwa sababu nilitaka kwenda kulala. Daftari hili hapa, na mwandiko ni wangu."

Askari wa mlangoni alinishika mkono, mwenyekiti akamwambia aniache. Nilitembea hadi mbele nikaliweka daftari mezani. Dada alinitazama kwa hasira ambayo sijaiona kwake kabla wala baada.

"Kaka, nani alikutuma?" akanong'ona.

Leseni haikusainiwa siku hiyo. Kamati ilifuta kijani bondeni, ikaagiza mabonde yote yapimwe upya kwa miguu, simu ikiwa mkononi na ndani ya nyumba. Kampuni ilipewa mwaka mmoja wa kusimamisha mnara, la sivyo isahau hiyo miaka kumi na mitano. Sisi nasi tulipata chetu. Mimi nilistaafishwa kabla ya wakati. Yeye alinyang'anywa vipimo, akahamishiwa dawati la malalamiko, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa kuwa sahihi ni sahihi. Kwa miezi kadhaa hakunipigia. Nilijua sababu, alitaka kunikinga nami nikakataa, na iliniuma.

Kisha mchana mmoja akabisha hodi kwangu, bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Aliketi bila kukaribishwa. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa akicheka.

"Mnara umewashwa leo asubuhi," akasema. "Nikampigia yule mkunga. Ikaita mara mbili tu, akapokea."

"Akasemaje?"

"Nikaanza kujitambulisha, mimi ni nani, natoka ofisi gani. Akasema, subiri kwanza, nina mama anajifungua hapa, gari la wagonjwa liko njiani."

"Halafu?"

"Halafu akanikatia simu, Kaka."