Tiyo Iliyoandikwa «Haijashonwa»

Watu husema hasira hasara. Basi mimi nimekula hasara tangu wakati wa Wabeleji, na faida ya kunyamaza sijaiona pia.

Juzi binti yangu, anayeuza vyuma vya viwanda Lubumbashi, aliniletea karatasi ya Kifaransa niiweke kwa Kiswahili. Mabomba ya titani. Nilisoma kwamba ni mepesi, yanazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma. Kwamba kutu haiyawezi, wala maji ya chumvi, wala klorini. Ndiyo maana yanafungwa kwenye viwanda vya kemikali, kwenye mitambo ya kupoza, hata ndani ya ndege. Niliandika vizuri mpaka nilipofika kwenye maneno «sans soudure», yaani bomba lisilo na mahali palipounganishwa kwa moto. Kalamu niliitupa. Mke wangu akauliza nimeumwa na nini, nikamwambia nimeumwa na neno.

Neno hilo nalijua. Lilikula jicho la kaka wa mke wangu huyo.

Nilikuwa karani wa depo, yaani ghala la vifaa, kwenye mgodi mmoja wa bati, upande wa Wamaza. Kifaransa nilikipata kwa mapadri wa Kasongo, kiburi nilijipatia mwenyewe. Shemeji yangu huyo, Mubangubangu wa kule kule, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa tiyo, ndivyo tulivyoita mabomba. Maji yalitoka kwenye mfereji wa mlimani, yakashuka ndani ya tiyo, na chini yalitoka kwa nguvu ya kubomoa ukuta wa udongo ili mawe ya bati yaonekane. Kadiri tiyo inavyoshuka ndivyo maji yanavyosukuma. Ile ya chini kabisa ndiyo inayobeba yote.

Siku moja lori lilileta tiyo za aina mbili. Nyingine zilikunjwa kutoka bamba la chuma, kingo zikaunganishwa kwa moto, zikapakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Nyingine zilitobolewa kutoka kipande kizima cha chuma kikiwa moto. Hizo hazina mshono hata kidogo, lakini zilikuja nyeusi, zinaparuza mkono kama chungu cha kupikia sombe. Bwana mkubwa wa mgodi alinipa karatasi: zisizo na mshono zifungwe chini, zingine juu. Akaniambia niandike kwa Kiswahili ili watu wangu waelewe, akarudi kwenye kivuli cha baraza lake.

Nikachukua chaki. Kwenye nyekundu niliandika IMESHONWA. Kwenye nyeusi, HAIJASHONWA.

Niambie, ni mpumbavu gani anaandika hivyo? Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu Kasongo. Nyumbani kwetu nguo ikiambiwa haijashonwa, maana yake usiiguse, bado haijaisha. Hata mtoto anayenyonya analijua hilo. Ningeandika NZIMA. Tiyo nzima. Herufi tano tu, na mtu angebaki na macho yake mawili.

Shemeji alisoma, naye alikuwa mtu wa kutii maandishi. Nyeusi alizipanga pembeni, zingoje fundi wa kuzimaliza. Nyekundu akazifunga chini. Lakini hakuridhika, akaja depo kuniuliza: "Shemeji, hizi bado kushonwa, watazimaliza lini?"

Nilikuwa napanga misumari. Nikamjibu bila kuinua uso: "Ngoja tu. Bwana anajua."

Bwana naye alipita asubuhi ya kufungulia maji. "Ile muzuri iko chini?" "Iko chini, Bwana," shemeji akamjibu. Bwana akatosheka. Rangi hazikumwambia kitu, lakini tiyo yenye mshono unaitambua kwa kidole. Ukikitia ndani unakutana na mstari. Kidole kimoja. Hakutaka kuchafua mkono, shetani yule, na mpaka leo sijamsamehe.

Maji yakafunguliwa. Mshono wa tiyo ya chini ulipasuka kwa urefu, maji yakampiga shemeji usoni. Jicho la kushoto halikupona.

Siku ya nne, kitambaa cha hospitali kikiwa bado kichwani, aliitwa ofisini kwa kosa la kuharibu mali ya mgodi kwa makusudi. Bwana hakujua Kiswahili isipokuwa cha jikoni, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Shemeji alisimama wima, akaeleza polepole.

"Bwana, miye nilisoma maandishi. Tiyo nyeusi iliandikwa bado kushonwa. Kitu bado kuisha, mutu anakifunga namna gani? Niliuliza depo, nikaambiwa ningoje. Nikaweka ile iliyoisha. Kama nilikosa, nilikosa kwa kusoma."

Bwana akanitazama. "Anasema nini?"

Nilijua nikitafsiri yote, chaki ni yangu na jibu la depo ni langu. Nikasema kwa Kifaransa: "Anasema hakujua."

Basi, hayo tu. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja mtu. Alipata miezi mitatu gerezani, na kazi ikaishia hapo. Kesho yake Bwana aliamuru tiyo nyeusi zifungwe chini, na hazikupasuka kamwe. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Ndivyo ulivyokuwa utawala wao, kosa linashuka mpaka kwa wa chini kabisa, na mimi nililisukuma kwa mikono yangu. Naandika haya kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Alipotoka gerezani, shemeji alikuja kwetu. Dada yake alimpikia bugali na samaki wa Lualaba. Alikula, akanawa, kisha akanigeuzia jicho lililobaki.

"Shemeji," akasema, "Kifaransa miye sikijui. Lakini siku ile nilisema maneno marefu, weye ukasema mafupi. Yangu mengine uliyaweka wapi?"

Mke wangu alikuwa ameshika bakuli, naye akingoja jibu. Nikawaambia Kifaransa ni lugha fupi.